Ruhusa ya Msiba Iombwe Wiki Moja Kabla

Palikuwa na tajiri mmoja kule Korogwe, Mzee Shebughe, mwenye kiwanda cha magodoro, na tajiri huyu alikuwa na ugomvi na kifo. Si kwamba alikiogopa, la. Kilimchelewesha kazi. Kila mara akipita kiwandani anakuta vyerehani vimekaa kimya. Akiuliza, anaambiwa fulani kafiwa na shangazi, fulani kaenda kuzika jirani. Nanyi mnajua kwetu: usipomzika mwenzio, wewe utazikwa na nani? Basi siku moja hasira zikampanda, akakusanya watu uwanjani, akatoa amri. Kuanzia leo, ruhusa ya msiba iombwe wiki moja kabla.

Kabla ya nini? Kabla ya msiba! Msicheke kwanza, bado.

"Kifo si dharura," akasema. "Watu wanakufa tangu enzi za Adamu. Mpaka leo hamjazoea?"

Amri ikatua idara ya rasilimali watu, ndiyo ile ya kuajiri na kufukuza. Mkuu wake, Mama Mndolwa, alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: "Sawa, mzee." Ungemwambia aajiri mbuzi, angekuuliza tu, zamu ya asubuhi au ya jioni? Chini yake alikuwepo Mwantumu, binti wa muuza vitumbua, mwanagenzi aliyekuja kujifunza uendeshaji wa biashara. Maskini wa Mungu, lakini ulimi! Mama yake alishamwonya, "Mwanangu, huo utakuponza."

Mwantumu alikuwa amejifunza kusaili watu, kupanga zamu, kupatanisha waliogombania feni, na kumchemshia chai Mama Mndolwa, somo ambalo chuoni halipo. Kilichobaki ni cheti. Na cheti hakitoki bila saini ya Mzee Shebughe mwenyewe. Akikikosa, ni kurudi kwenye vitumbua.

Haya. Alfajiri moja Mbelwa, mshonaji wa pale kiwandani, akafiwa na mama yake mkubwa. Ndiye aliyemlea Mbelwa tangu mdogo. Mbelwa akapiga simu kazini, akaenda kuzika, kesho yake akarudi kwenye cherehani chake, macho mekundu. Tajiri akapata habari. Akaiita idara, akaja Mwantumu peke yake, maana Mama Mndolwa tumbo lilimkata ghafla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mfukuze Mbelwa."

"Kosa lake, mzee?"

"Kaenda msibani bila ruhusa."

"Aliomba. Mimi ndiye niliyepokea simu."

"Aliomba lini?"

"Alfajiri ile ile."

"Na wiki moja iko wapi?"

"Wiki moja kabla, mzee, marehemu alikuwa sokoni anabishania bei ya dagaa."

"Si angemuuliza!"

"Amuulize mama yake mkubwa, unakufa lini?"

"Kwa adabu, lakini. Biashara ni mipango. Hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, mzee. Ila kwenye kupanga vifo hatujafika."

Mzee Shebughe akavua miwani. "Binti, ulimi wako mrefu. Nisikilize. Mfukuze Mbelwa kabla ya adhuhuri. Ukishindwa, ondoka wewe, na hicho cheti ukakiombe kwa mama yako."

Aliogopa, nisiwadanganye. Alikiona kabisa kikaango cha vitumbua kinamsubiri. Lakini akayakumbuka na macho ya Mbelwa, akashikwa na uchungu. Mtu hajamaliza kulia, umnyang'anye na kazi?

"Nitatii, mzee. Nataka kujua kitu kimoja tu. Sheria hii haina upendeleo?"

"Sheria ni msumeno. Hukata mbele na nyuma."

"Hata msiba uwe wa mtu mkubwa?"

"Hata uwe wa nani! Asiyeomba wiki moja kabla hatoki getini."

"Nimeelewa. Basi nina ombi la wafanyakazi wote."

"Wote? La nini?"

"Ruhusa ya msiba."

"Lahaula! Kafa nani?"

"Hajafa, mzee. Si umesema waombe kabla?"

Tajiri akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Hatimaye kuna mtu aliyemwelewa! "Umeona sasa? Kumbe inawezekana! Huyo mtu ni mgonjwa, eti?"

"Mzima wa afya. Jana kala pilau, akaongezwa."

"Sasa kwa nini waende wote? Hana ndugu?"

"Watoto wake wako Kanada. Majirani hawamjui, ukuta wa nyumba yake mrefu."

"Na marafiki? Wale anaowazikia watu wao?"

"Huyo hazikii mtu, mzee. Ana kazi nyingi."

"Masikini! Nani atamchimbia kaburi?"

"Ndiyo hao wa kiwandani. Tukiwanyima ruhusa, sijui atabebwa na nani."

Mzee Shebughe akaingiwa na huruma, wallahi, ya kweli kabisa. Akatikisa kichwa, akavaa miwani yake.

"Watu wema hao," akasema. "Nimewapa ruhusa, waende wote wakamzike. Lakini kiwanda hakifungwi hivi hivi, lazima nijipange. Anakufa siku gani?"

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe, mzee."

"Mimi? Mimi nitajuaje?"

"Sasa mzee, kama wewe mwenyewe hujui siku yako, Mbelwa angeijuaje ya mama yake mkubwa?"