Penye Theluji, Ndugu Husimama Mbali

Penye theluji, ndugu husimama mbali. Ndivyo nilivyopaza sauti asubuhi pale kisimani, wakati Aminieli alipozimia chini kwa hewa mbaya na mdogo wake akavua shati amfuate. Mkaniona mzee mkavu wa moyo. Kamba ikaletwa, Aminieli akavutwa, anapumua; sasa mnaniuliza maneno yale niliyatoa wapi, maana hapa kwetu migombani theluji tunaitazama tu kwa mbali, juu ya mlima. Kaeni. Maneno hayo yalitoka huko huko juu, na mtu alikufa ndipo yakazaliwa.

Zamani, babu zenu walipokuwa wapagazi wa mlimani, kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Ndesario na mdogo wake Elinami. Mama yao alikuwa mjane. Kila walipofunga mizigo aliwaambia neno moja: "Mmetoka pamoja, mrudi pamoja. Atakayemwacha mwenzake asinipigie hodi." Na wapagazi wote walikuwa hivyo. Walitembea kwa mstari, mmoja akichoka wote wanatua, mmoja akiteleza mkono wa nyuma yake umeshamdaka. Kumwacha mwenzako kulikuwa aibu kuliko wizi.

Safari hiyo walikuwa wanne. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Makundi. Wa nne aliitwa Kirenga, kijana wa maneno mengi, mwana pekee wa Mzee Mbuya. Walikuwa wanapeleka unga na mafuta ya taa kwa mafundi waliokuwa wakijenga kibanda karibu na barafu. Huko juu chakula kilikuwa kimekwisha, na fundi mmoja alikuwa anaumwa kifua.

Theluji ilikuwa imeanguka, tena kwa upepo mkali. Asubuhi ile kukatulia, jua likatoka, mlima ukang'aa kama bakuli jipya. Wakafika kwenye korongo ambalo sharti ulikate ndipo ukifikie kibanda. Mzee Makundi akachomeka fimbo. Ikapita juu kwa shida, kisha ikazama kama imeingia kwenye majivu. Akakunja uso.

"Hii imeletwa na upepo," akasema. "Haijashikana na ya chini. Ni unga uliomwagwa juu ya sinia. Ukiinamisha kidogo, unakwenda wote. Turudi tuzunguke kwa mgongo wa mlima."

"Kuzunguka ni mpaka kesho, mzee," Kirenga akasema. "Tutamkuta fundi ameshakuwa marehemu, unga wetu tuupikie matanga."

Mzee Makundi akachomeka fimbo tena, hapa na pale. Mwishowe akakubali, lakini kwa masharti. Wavuke mmoja mmoja. Kamba ya mzigo ifunguliwe kifuani, ili mtu aweze kuutupa. Theluji ikimchukua, aweke mikono mbele ya mdomo ajiachie nafasi ya pumzi. Na wale wasiovuka wasimame kwenye mwamba, wamtazame anayevuka bila kugeuza macho.

"Tutazame tu?" Ndesario akauliza. "Mzee, huyu ni mdogo wangu. Nitavuka naye, mkono kwa mkono, kama siku zote."

"Siku zote si leo. Uzito wa mmoja labda itaubeba. Wa wawili hapana."

Kirenga akavuka wa kwanza, anapiga mluzi. Akafika mwamba wa pili, akatua mzigo, akawapungia mkono.

Akafuata Elinami, kajifunga blanketi jekundu. Alipofika katikati, theluji ikatoa mvumo chini yake, mzito, kama ngoma iliyopigwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Ufa mwembamba ukakimbia mbele ya miguu yake. Elinami akasimama. Hakuthubutu kwenda wala kurudi.

"Kaka!" akaita. "Kaka, njoo unishike!"

Ndesario akarusha mzigo chini. Mzee Makundi akamkamata mkanda kwa mikono miwili.

"Niache! Ananiita!"

"Nasikia. Ukienda mkafunikwa wote, nani atajua mlipo? Mimi na uzee huu nitachimba mlima mzima? Simama, Ndesario! Mtazame!"

Basi akasimama. Alilia kwa sauti, lakini akasimama, na macho hayakutoka kwenye blanketi jekundu. "Tupa mzigo, Elinami! Nyanyua mguu taratibu! Niko hapa, nakuona!"

Upande wa pili, Kirenga hakuweza kuvumilia. "Nyie ni watu kweli?" akapiga kelele. "Mtoto anaita mmekaa mnamtazama kama ngoma ya harusi? Elinami, nakuja!"

"Kirenga, rudi!" Mzee Makundi akamwambia. Hakurudi. Alishuka mbio, kakunjua mkono. Elinami naye akanyoosha wake. Vidole vilikuwa karibu kugusana mlima ulipokatika juu yao.

Haikuwa na kelele nyingi. Ilikuwa pumzi ndefu, kisha wingu jeupe, kisha kimya.

Ndesario alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliona blanketi lilipoinuka, lilipopinduka na lilipozama kando ya jiwe jeusi. Akaenda pale pale bila kubahatisha. Walichimba kwa mifuniko ya sufuria na kwa kucha. Wakamkuta Elinami mdomo umekuwa wa bluu, mikono iko mbele ya uso, anapumua kama kifaranga.

Kirenga hakuwa na wa kumwona. Macho yote yalikuwa kwa Elinami. Wakatafuta huku na huku wakimwita jina, jua likageuka wangali wanatafuta. Walipompata alikuwa ameshapoa.

Kijijini watu hawakuuliza habari za sinia wala unga. Walisema: Kirenga alimfuata mtoto wa mwenzie, na kaka wa damu alisimama. Ndesario akienda kwenye pombe, utasikia sauti: "Msimpe kiti huyo, amezoea kusimama." Watu wanacheka. Hata mama yake alimpa chakula bila kumtazama usoni. Ndesario akaacha kutoka nyumbani.

Siku moja Mzee Mbuya, baba wa marehemu, akamwita Elinami.

"Ulimwona mwanangu akija?"

"Nilimwona, baba. Nilifurahi sana. Nikamnyooshea mkono."

"Na kaka yako?"

Elinami akainamisha kichwa. "Nilimchukia. Nilisema, huyu si ndugu. Kisha nikawa chini, baba. Kule huwezi kukunja hata kidole, hujui juu ni wapi. Nikasikia kitu kinakwaruza, moja kwa moja juu ya kichwa changu. Alikuwa yeye. Angekuja na Kirenga, tungekuwa watatu pale, na juu yetu mzee mmoja peke yake."

Mzee Mbuya akainuka. Alikwenda kwenye boma la shamba lake, akakata jani la sale, lile ambalo kwetu ukipelekewa huwezi kukataa kusamehe. Akapita nalo njia kuu, mchana, watu wote wakimwona, mpaka mlangoni kwa Ndesario. Mama mtu alipofungua na kuliona jani mkononi mwa mfiwa, aliketi chini akajifunika uso.

"Mwanangu," Mzee Mbuya akamwambia Ndesario, "kijiji kimekutukana kwa jina la mtoto wangu, nami nilikaa kimya kwa sababu ilinipoza. Nisamehe."

Ndesario alipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Kirenga wangu alikuwa na moyo," mzee akaendelea, akiwageukia watu waliokusanyika nyuma yake. "Atakayemcheka nitagombana naye. Lakini wana wenu wakipanda huko juu, msiwafundishe kufa kama yeye. Waambieni nimesema mimi, niliyezika: penye theluji, ndugu husimama mbali."