Figa la Nanzia

Nipeni masikio.

"Tumekupa, bibi."

Yote mawili? Haya. Enzi hizo bibi yangu mwenyewe hajaota jino, na milima hii ina ukungu mwingi kuliko watu, alikuwako mwanamke akiitwa Nanzia. Mumewe alikufa, mtoto hakujaliwa, na njaa ilipokiingia kijiji chao, kila mtu alishika njia yake. Nanzia akang'oa figa moja jikoni kwake, akalitia kwenye kikapu, akaondoka.

Figa mnalijua, jiwe moja kati ya yale matatu ya kutelekea chungu. Wewe Seki, acha kucheka, kwenu mnapikia gesi lakini figa unalijua. Mtu akihama hubeba figa moja, akifika makao yake mapya analitia moto. Lakini mgeni hapiki, hula alichopikiwa. Kwa hiyo Nanzia akipiga hodi anakaribishwa, anakula, analala, na figa lake baridi. Asubuhi anabeba figa, anaenda. Kijiji kingine, anakula, analala, na figa lake baridi. Anabeba figa, anaenda. Alichoogopa ni kimoja tu, kufa akiwa mgeni. Na hakulitupa, wanangu. Mimi ningelitupa siku ya pili.

Siku moja mvua ikamkimbiza pangoni. Akakuta watu wawili asiowajua: Mbonea, mhunzi, na mama mmoja mtu mzima, Nakijwa, aliyekuwa akitembeza chumvi. Unga wanao, chungu wanacho, na njaa inawauma. Mbonea akaokota mawe mtoni, akawasha moto. Mawe ya mtoni jamani! Yalipopata joto yakapasuka, pa, pa, nusura chungu kivunjike.

"Mimi ninalo figa," akasema Nanzia. "Lakini ni moja."

Mbonea akalitazama fuawe lake, lile jiwe la kufulia chuma. "Hili hupigwa nyundo, dada, halipikiwi." Hata hivyo akaliweka, likawa la pili. Nakijwa naye akamwaga chumvi yake kwenye kitambaa, akapindua mtungi wake mnene, ukawa figa la tatu.

Wakapika, wakala. Figa la Nanzia likapata moto, naye akaligusa pembeni kwa kidole, kama vile haamini.

Sasa, mpo?

"Tupo, bibi."

Huku kwetu ni mwiko kuondoa figa likiwa na joto. Mvua ilipokatika Mbonea akasema, "Yakipoa, kila mtu na njia yake." Wakangoja. Kesho yake yana joto. Keshokutwa yana joto. Nakijwa anatikisa kichwa, anasema kuni za huku zinadumu kweli.

Nanzia akaenda kuteka maji, akasahau kata, akarudi. Akamkuta Mbonea ameinama anachochea ukuni jikoni.

"Nilidhani... nilidhani limepoa," akasema Mbonea, na aibu imemjaa.

Nanzia akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka yangu, mimi nimetia ukuni asubuhi, ulipokwenda kutega."

Wakamgeukia Nakijwa. Mama wa watu akatazama pembeni. "Mnanitazamia nini? Mimi natia kila mkitoka. Ningeenda wapi na miguu hii?" Akalia, na Nanzia akalia naye. Kisha yule mama akajifuta uso. "Basi tusichoshane kwa kujificha. Mbonea, mwanangu, kakate miti ya nyumba."

Nyumba ya kwanza hapa kwetu ndiyo hiyo. Geukeni mtazame jiko langu. Lile figa jeusi kushinda mengine, la upande wa mlango, ndilo la Nanzia. Seki, usiliguse, lina moto.

Kwa hiyo mgeni akija hapa, msimwulize anaondoka lini. Kwenu ni pale ambapo mtu anatia ukuni kwa siri ili usiondoke.

Hapo nimeepua chungu. Aliyeshiba akalale, na wa mwisho kutoka achochee moto.