Jina Moja kwa Daraja la Msorwa

Mwenye kazi ya mikono aendelee nayo. Mimi naomba masikio yenu tu, na mwishoni nitaomba hukumu.

Kando ya Mto Msorwa palikuwa na mji mdogo, na katika mji huo watu watatu waliojulikana kwa vipawa vyao. Bi Sikujua alikuwa na pua. Ukikaanga dagaa upande wa pili wa soko, yeye anakuambia umesahau ndimu. Kadala, kinyozi, alikuwa na mdomo. Watu waliingia kwake kunyolewa ndevu wakatoka wamejiunga na chama cha mazishi. Na Mzee Shemdolwa alikuwa na kitako. Msicheke. Akikaa mahali kudai haki yake, hakuna aliyewahi kumwinua.

Mwaka huo mto uliharibika. Maji yakawa na rangi ya chai iliyolala, povu likaganda kwenye mawe ya kufulia, na watoto wakaanza kuugua matumbo mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wa Shemdolwa alilazwa hospitali akiwa hana nguvu hata ya kulia. Watu wakanong'ona kwamba ni hoteli ya Bwana Mavura, kule kilimani. Mavura akasema hoteli yake ina shimo kubwa la maji taka, na mwenye shaka aende akalichungulie. Hakuna aliyetaka kuchungulia.

Bi Sikujua akajifunga kanga, akaufuata mto kwenda juu, pua mbele, majirani nyuma. Penye matete mengi akasimama. Akasema hapa yanaingia maji ya chooni, na tena jana hotelini palikuwa na harusi, na pilau yao ilizidi bizari. Wakafyeka matete, wakakuta bomba nene likimwaga uchafu mtoni. Mavura alipoulizwa akajibu kwamba hilo ni bomba la maji ya mvua. Ilikuwa kiangazi.

Basi bomba likajulikana, lakini watu waliogopa kusema. Nusu ya mji ilikuwa na mtoto au shemeji aliyeajiriwa hotelini. Hapo Kadala akafunga banda lake la kunyolea, akapita nyumba kwa nyumba, akianza na waoga kuliko wote. Hakumtukana Mavura. Aliwauliza tu wanafua wapi na wanaoga wapi, kisha akanyamaza. Kadala kunyamaza halikuwa jambo la kawaida, na ndilo lililowatisha. Jumamosi watu wakajaa mbele ya hoteli, kila mmoja na ndoo ya maji ya mto, hata wahudumu wa hoteli wakiwa na sare zao.

"Bwana Mavura, hatukuja kugombana," Kadala alisema. "Tumekurudishia mali yako iliyopotea."

Mavura akafunga geti.

Shemdolwa yeye alikuwa ameshakwenda wilayani, kwa ofisa wa maji. Alikaa kwenye benchi, akaweka ndoo yake ya maji ya Msorwa, bila kifuniko, chini ya feni.

"Mzee wangu, nenda nyumbani, nitakuja," ofisa akamwambia.

"Sawa, mwanangu. Ngoja nikusubiri hapa hapa, twende pamoja."

Kila asubuhi ofisa alimkuta pale pale, akiamkia watu kwa adabu. Makarani wakahamishia meza zao ukumbini, kisha uani. Mwishowe ofisa mwenyewe akaomba ufunguo wa gari.

Lakini Mavura alipata habari. Siku ya ukaguzi akapiga marufuku mtu yeyote kutumia choo hotelini. Ofisa akasimama mtoni, akaliangalia bomba. Kavu kabisa. Bi Sikujua alisema harufu bado ipo. Ofisa akajibu kwamba hawezi kuandika harufu kwenye ripoti. Kadala aliongea mpaka sauti ikakauka. Shemdolwa akaenda kukaa mbele ya gari. Watu wakaanza kuinamisha vichwa, kwa maana ofisa huyu akiondoka, hatarudi tena.

Ndipo bomba likakoroma. Likakohoa. Kisha likamwaga kila kitu juu ya viatu vya ofisa.

Mama mkwe wa Mavura, Bi Nakijwa, alikuwa amekuja kutembea, akafikia hotelini. Mavura alipopanda mbio kumuuliza kwa nini ametumia choo, yule mama alimjibu kutoka dirishani, mji mzima ukisikia: "Mkwe wangu, nimekuja kuwasalimia. Sikuja kubanwa."

Bomba likazibwa, na Mavura akalazimika kujenga mfumo wa maji taka unaostahili. Mvua ziliposafisha mto, mjukuu wa Shemdolwa alikuwa wa kwanza kujitosa. Wananchi wakajenga daraja la miguu pale penye matete, wakakubaliana liitwe kwa jina la aliyeuokoa mto. Fundi akasema ubao unatosha jina moja tu.

Wa Bi Sikujua wanasema bila pua yake wangekuwa bado wananong'ona. Wa Kadala wanasema bomba linalojulikana na kunyamaziwa halina tofauti na bomba lililofichwa. Shemdolwa yeye amekaa katikati ya daraja, na wapitaji wanamruka. Bi Nakijwa naye ametuma salamu kwamba ofisa alikuwa anaondoka, na yeye ndiye aliyemzuia. Wakamjibu kwamba hakuufikiria mto, alijifikiria mwenyewe. Bi Nakijwa akasema alivuta maji mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa yake, mara ya pili ilikuwa ya mto.

Fundi ameshika brashi, na rangi inaanza kukauka. Je, wewe uliyesikia yote haya, ungemwambia aandike jina la nani?