Filamu ya Krismasi ya Aikande

Nimetumiwa hii nikiwa napepeta mchele, ungo nimeuweka chini. Jamani! Mwenye moyo mwepesi akae kwanza. Na msome yote, msirukie mwisho kama mlivyozoea kwenye kundi hili.

Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Aikande, mzaliwa wa Mwika, kule mlimani Kilimanjaro, lakini anaishi Dar es Salaam. Kazi yake ni kutengeneza filamu za vibonzo. Hana kampuni, hana bosi, yuko peke yake. Anashona wanasesere wa kitambaa, anawasimamisha mezani, anapiga picha. Anausogeza mkono wa mwanasesere kidogo tu, anapiga tena. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Anainama pale siku nzima, jioni amepata sekunde tatu. Mimi ningeshavitupa vyote dirishani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika saba. Binti anarudi kwao mlimani siku ya Krismasi, mama yake anampokea uani. Basi. Aikande alimwahidi mama yake mzazi kwamba yeye ndiye atakuwa mtu wa kwanza kuiona.

Sasa nyote mnawajua Wachaga na Desemba. Mchaga akionekana mjini tarehe ishirini na tano, watu humuuliza kama anaumwa. Lakini Aikande mwaka wa kwanza hakwenda. Wa pili hakwenda. Mama akipiga simu, jibu lilikuwa moja.

"Mama, nikiondoka sasa, kitu kikisogea hapa mezani naanza upya. Nikimaliza nakuja."

Yaani mtu anatengeneza filamu ya kurudi nyumbani, na filamu hiyohiyo ndiyo inamzuia kurudi nyumbani! Mmewahi kuona?

Hata sauti ya mama kwenye filamu ni ya mama yake. Mdogo wake Aikande, anaitwa Siaeli, anaishi palepale nyumbani. Yeye ndiye alikuwa anamrekodi mama kwa simu na kutuma. Maneno yalikuwa matatu tu: "Karibu nyumbani, mwanangu."

"Rudia, Mama," Aikande alikuwa akimwambia. "Bado haina furaha."

Mama akarudia. Mara ishirini na saba, mwaka mzima na zaidi. Kila rekodi ikifika, Aikande alichukua yale maneno matatu, kilichobaki akakiacha bila kukisikiliza.

Desemba ya tatu, tarehe ishirini na mbili, picha zote zikakamilika. Kilibaki kitu kidogo: sauti za uani. Kuku, majani ya migomba, moto wa jikoni. Angeweza kupanda basi akazirekodi, sivyo? Hapana. Akakumbuka kwamba zimo nyuma ya zile rekodi za mama. Akafungua ya kwanza kabisa, ya Machi mwaka uliopita, akaiacha iende mpaka mwisho.

Kuku akalia. Akafurahi. Kisha akasikia sauti ya Siaeli.

"Mama, si umwambie?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba jicho moja limekwisha. Daktari kasema hilo la pili likiwahiwa linapona."

"Nitakwenda hospitali kubwa na Aikande. Wewe umejifungua juzi tu. Yeye amesema Krismasi anakuja. Nikimwambia leo ataacha kazi yake."

Krismasi hiyo ndiyo ile ya pili ambayo Aikande hakwenda. Mnanielewa? Mama alikuwa anamngoja ampeleke!

Akafungua nyingine, ya Januari mwaka huu.

"Mama, simu umeigeuza kichwa chini."

"Siioni, mwanangu. Hata wewe sasa sikuoni. Na daktari ndiyo hivyo, kasema tumechelewa."

"Basi leo namwambia."

"Thubutu! Anaitengeneza ili niione. Akijua sioni, atammalizia nani? Mwache amalize."

Aikande alipiga ukelele mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Hata mimi nilipofika hapa nilisema "Mungu wangu!" kwa nguvu, mume wangu akatoka chumbani kuuliza nani kafa.

Kesho yake alikuwa Mwika. Alimkuta mama ameketi uani anamenya ndizi kwa kupapasa.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, Aikande."

Akaanguka miguuni pa mama yake, akalia kama mtoto, akaomba msamaha. Mama akamshika kichwa, akamwacha alie mpaka atulie.

"Haya. Filamu umemaliza?"

"Imo kwenye kompyuta, Mama. Lakini nimeiacha bila kuimalizia. Sitaki hata kuiona."

Weee! Mama akaja juu.

"Umeiacha? Nimekaa gizani mwaka mzima ili umalize, unakuja kuniambia umeiacha? Iwashe sasa hivi! Unisimulie ninachokiangalia."

Aikande akaweka kompyuta juu ya kigoda, akaanza kusimulia. Dakika saba zikawa saa mbili, maana mama aliuliza kila kitu. Khanga ya rangi gani? Mlima unaonekana au una mawingu? Mbuzi amenona? Aikande anasimamisha filamu, anajibu, anaendelea. Siaeli amesimama mlangoni na mwanawe mgongoni, anafuta machozi.

Wakafika pale binti anapoingia uani, mama yake anamwona kwa mbali na kumkimbilia.

Mama akauliza, "Huyo mama wa kwenye filamu, anaona?"

"Anaona, Mama."

"Afadhali yeye."

Funzo: Usikae mbali na mtu kwa ajili ya zawadi unayomwandalia. Nenda kwake angali anakuona.