Fisi na Matanga ya Wasiomjua

Paukwa!

Pakawa!

Mmeshakula?

Tumekula!

Mungu ashukuriwe, maana hadithi hii ina pilau, na sitaki mtu anidondoshee mate.

Hapo zamani za kale, wanyama walipojenga mji wao mkubwa, Fisi alipanga chumba. Ukuta huu Swala, ukuta ule Nyani, juu Ngiri na watoto wake wanaorukaruka. Hakuna hata mmoja aliyemjulia hali. Fisi akawa anaisalimu ndoo yake ya maji. Ndoo haikuitikia.

Siku moja akapita penye matanga ya Pundamilia. Akaketi mkekani, akalia. "Pole, ndugu yetu," wakamwambia, wakampa pilau. Ndugu! Fisi akasahau kutafuna, na ulafi wake wote ule.

Akaenda matanga ya Sungura. Akalia zaidi. "Pole, ndugu yetu." Pilau. Akarudi kwa ndoo yake.

Akaenda matanga ya mzee Kiboko. Hapo alilia akagaagaa, hata wafiwa wakanyamaza wamtazame.

"Huyu mbona anatushinda kulia?" akauliza Bi Kiboko, mjane.

Dada wa marehemu akashika kiuno. "Wifi, mimi sisemi kitu. Ila kaka yangu alikuwa akisafiri mno."

"Mtoto wa nje!" akaropoka mjomba wa marehemu. "Tazameni masikio! Ya marehemu yale!"

Mjane akamshika Fisi bega. "Sema kweli. Kama u mwanetu, leo hulali peke yako."

Fisi akawaza. Aseme "ndiyo" tu, apate mama, shangazi na wajomba. Lakini akakumbuka kuwa Mungu yupo, na marehemu hayupo kujitetea.

"Mama, nisamehe. Simjui, hata jina lake sijui. Najililia mwenyewe. Kwangu hakuna anayenisemesha."

 Kisha shangazi mtu akaangua kicheko, matangani! Mjane naye akacheka, mara ya kwanza tangu afiwe.

"Mjinga wewe, si ungesema! Haya, acha sahani, hizo ni za wageni. Masufuria yako nyuma. Ukiyaacha na ukoko nakuchapa na mwiko."

Fisi akasugua masufuria yote, huku akinung'unika kama ndugu wa damu.

Basi, wenzangu, upweke hautibiwi kwa uongo. Aliye peke yake na aseme. Na wewe unayekaa naye ukuta mmoja, piga hodi leo, usingoje aje kugaagaa kwenye matanga yako.

Hadithi imekunja mkeka. Lililo jema ondokeni nalo. Lenye kasoro niachieni, nikaliombee toba.