Mbegu ya Mama

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii hutupiwa mzazi anayemwonea mtoto huruma isiyo na faida. Lakini Kitinda, mziwanda wa nyumba yao, hakudekeza mtoto. Alidekeza vitunguu.

Wala havikuwa vitunguu vya dukani. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, vile vidogo vyekundu vinavyopandwa kwa vichwa, kimoja kikizaa kichala. Enzi za uhai wake, mama alivisuka mikia kama nywele za binti, akavitundika juu ya meko, na jiko zima likanukia. Alipofariki, Kitinda na dada yake waligawana mbegu, kila mmoja akapanda kwake, huyu ng'ambo hii ya mto na yule ng'ambo ya pili. Kila alipovuna, Kitinda alijihisi mtoto tena, na moyo wake ukatulia.

Mwaka mmoja, majani ya miche michache yaliingia michirizi ya manjano, yakajikunja, yakalala chini. Kitinda alidhani ni njaa. Akatia samadi, akamwagilia asubuhi na jioni. Wapi!

Dada yake alipokuja kumjulia hali, alisimama shambani akashika kiuno.

"Mdogo wangu, hivi ni virusi. Hata kwangu vimeingia. Bwana shamba kasema havina dawa. Vidukari wanafyonza jani gonjwa, halafu wanahamia kwenye zima. Na ukipanda kichwa kigonjwa, umepanda na ugonjwa wake. Ng'oa, uchome."

"Ning'oe vitunguu vya mama?"

"Vile vigonjwa tu. Mimi vyangu nimeving'oa jana, nimelia mpaka kamasi."

"Una roho ngumu, dada. Mama angevibembeleza."

"Mama yupi huyo? Huyu wetu alikuwa anang'oa vigonjwa huku anaimba!"

Kitinda alicheka, maana ilikuwa kweli. Ila kumbukumbu zina upendeleo, na yeye alimpenda zaidi yule mama wa kusuka vitunguu kuliko yule wa kuving'oa.

"Sawa, nitang'oa," alisema, ili yaishe.

Dada alipoondoka, Kitinda aling'oa kimoja. Akakifuta udongo, akakitazama, machozi yakamlengalenga. Akakirudisha shimoni na kukifukia vizuri. Vingine hakuvigusa.

Wakati wa mavuno alipata vichwa vidogo kama gololi. Hata hivyo alivihifadhi vyote kwa mbegu, vizima na vigonjwa, akavipanda mvua ziliporudi. Shamba zima likaota manjano. Hakikupatikana kichwa hata kimoja cha kutia chunguni. Akaenda kwa dada yake, akiwa mdogo kama punje.

"Nigawie mbegu, dada. Ya mama imenifia."

Dada alikuwa nayo, tele na safi, lakini alitikisa kichwa.

"Nikikupa leo nayo itaugua. Choma kwanza kila kilichomo shambani. Nitakupa msimu mwingine."

Siku hiyo Kitinda, aliyeshindwa kung'oa miche michache, aling'oa shamba zima kwa mikono yake. Alipotia moto alilia kwa sauti, akimwita mama. Dada yake alisimama kando akimshika bega, macho makavu. Yeye machozi yake alikwisha kuyalia mapema, na yalikuwa machache kuliko haya.

Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.