Mtamba Mmoja, Wadai Watatu

Nawaletea kesi, nanyi ndio mahakimu. Sikilizeni vizuri, maana mimi imenishinda.

Huko kwenye baridi ya Rungwe, wafugaji walinunua tangi la pamoja wakajiwekea sheria: maziwa yasiyopimwa hayaingii tangini, hata yawe ya nani. Mlangoni walimweka Gwantwa, binti mwenye pua ya ajabu. Akinusa ndoo atakwambia ng'ombe alikula nini jana. Pembeni yake alikaa Ambakisye, fundi wa vipimo, mkono wake hautetemeki. Na kwenye foleni hakukosa Sekela, mama yake Gwantwa. Huyo akifungua kinywa, kijiji kizima hunyamaza.

Asubuhi ya ukaguzi, Sekela alitua ndoo. Kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji kikaipitisha. Gwantwa akainama, akanusa. Harufu ilikuwa ngeni. Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Amwaibishe mama yake mzazi?

"Mama," alisema, "haya hayaniingii puani."

"Loo! Nimekunyonyesha mwenyewe, leo maziwa yangu yananuka?"

Watu wakaangua kicheko. Gwantwa alitamani ardhi immeze, lakini mkono hakuuondoa kwenye ndoo.

Ambakisye hakucheka. Alichota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti, akatikisa. Yakakatika mabonge mabonge mbele ya macho ya wote.

"Shikamoo mama," alisema kwa upole. "Ng'ombe wako anaumwa kiwele."

Sekela aliyatazama yale mabonge. Angeweza kufoka, na nani angembishia? Badala yake aliibeba ndoo, akaimwaga shimoni mwenyewe, kisha akaigeukia foleni.

"Mimi nimemwaga! Nani mwingine ana ndoo asiyoiamini?"

Mzee mmoja akachomoka, akamwaga. Akafuata jirani yake, na mwingine nyuma yake, hata shimo likawa jeupe. Gwantwa aliona machozi yanamtoka, na hakujua kama ni ya aibu iliyopita au ya fahari.

Wakaguzi walipofika walilikuta tangi safi kabisa. Lingekutwa na dosari, lingefungwa. Kwa furaha wakatoa mtamba mzuri, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, mwenye baka jeupe usoni: "Apewe aliyeliokoa tangi."

Vigelegele! Kisha ubishi.

"Nisingenusa, ungepima nini?" Gwantwa alimuuliza Ambakisye.

"Na nisingepima, nani angeiamini pua dhidi ya mama yako?"

Sekela, ambaye ng'ombe wake alikwisha kupata dawa, alicheka hadi akashika mbavu. "Wanangu, ninyi mlizuia ndoo moja. Zile nyingine zilizokuwa foleni, nani aliwafanya wenyewe wazimwage?"

Wakatazamana, wakacheka wote watatu. Mtamba naye alikuwa ameanza kutafuna kanga ya Sekela.

Haya, waheshimiwa mahakimu. Mtamba hakatwi vipande. Ile kamba yake, ninyi mngemkabidhi nani?